MREJESHO: Punda wangu na fundi mpya wa kwato, Kisesa

Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita niliwauliza kuhusu punda wangu wa kubeba maji: kwato zimerefuka na kupinda, anachechemea, fundi wa zamani kahama, na huyu mpya alipigwa teke siku ya kwanza akaondoka.

Aliyesema nimzoeshe kwanza kushikwa miguu, Mungu akubariki. Kila jioni nikishamfungua mkokoteni nilimwekea pumba, nikaanzia begani, nikashuka taratibu mpaka kwatoni, nikaachia kabla hajavuta. Siku ya tisa aliinua mguu mwenyewe! Fundi aliporudi nilimwomba asimlaze kwa kamba. Akakubali, akatumia kisu na tupa, punda kasimama anatafuna.

Mimi nilitaka amalize siku hiyo hiyo, akakataa, na alikuwa sahihi. Ukwato uliorefuka sana ukikatwa wote kwa mkupuo unafika kwenye nyama, mnyama anatoka damu. Viatu vya chuma tumeachana navyo, njia zetu ni za vumbi na kwato zake ni ngumu.

Ambacho hakijafanikiwa ni mguu wa nyuma wa kulia. Bado anarusha, na katikati ya ukwato kuna uozo unaonuka kwa sababu zizi lilikuwa tope. Nimelihamishia mahali pakavu, nasafisha kila siku, na nimeongea na daktari wa mifugo aje aone. Kuchechemea kumepungua, hakujaisha. Fundi anarudi baada ya wiki sita. Asanteni sana ndugu zangu.