Mdogo wangu, koleji ya jamii na Kiingereza (California)

Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu kaingia Sacramento mwezi uliopita na grini kadi, kidato cha sita kamalizia nyumbani. Anataka chuo kikuu moja kwa moja. Nikimwambia aanze Kiingereza koleji ya jamii, vile vyuo vya miaka miwili vya umma, anasema namrudisha darasa la saba. Mnashaurije?

Kaka wa San Jose:
Marahaba. Koleji ndiyo njia, ila usimharakishie kozi za krediti, zile za kulipia kwa yuniti. Mpaka atimize mwaka na siku moja California kabla ya muhula kuanza, atahesabiwa mgeni wa jimbo, hata kama ana grini kadi. Mkaazi analipa dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa kozi. Mgeni anatozwa mamia kwa kozi nyingi. Lakini madarasa ya Kiingereza yasiyo na krediti ni bure kwa wote. Aingie huko jioni, mchana abebe boksi kama tulivyobeba sisi. Wakati huohuo akusanye ushahidi: leseni ya California, mkataba wa nyumba, ritani ya kodi ya jimbo. Udahili wanataka karatasi, hadithi hawana muda nazo.

Halafu kuna Pell Grant, ruzuku ya masomo ya serikali kuu isiyorudishwa. Ana haki ya kuiomba, lakini ni mihula 12 tu maishani. Akiimaliza kwenye ngazi za Kiingereza, chuo kikuu atalipa na nini?

Dada wa Oakland:
Kaka, hapo kwenye bure nakuunga mkono, lakini asizoee kukaa huko. Sarufi kijana wa kidato cha sita anayo. Kinachowaangusha wetu ni insha ya kutetea hoja na kutaja vyanzo. Nyumbani ukimrudishia mwalimu notisi zake neno kwa neno unapata vema. Huku kunakili bila kutaja ni wizi, unaweza kufelishwa kozi nzima. Atafute darasa la kuandika. Na siku ya kujaza fomu ya kujipima Kiingereza asijishushe kwa woga, maana kila ngazi ya ziada ni muhula.

Afungue mapema assist.org, tovuti inayoonyesha kozi zipi za koleji zinakubaliwa chuo kikuu. Yuniti 60 zinazohamishika ndizo zinazompeleka mwaka wa tatu wa chuo kikuu, na kozi nyingi za Kiingereza cha wageni hazihesabiwi humo. Kozi ya kuhutubia asiikwepe, Cal State (vyuo vikuu vya jimbo) wanaidai. Kampasi sita za UC (Chuo Kikuu cha California), Davis jirani yenu ikiwemo, zinampa anayehama kutoka koleji nafasi ya uhakika akitimiza masharti yao. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Maombi ya nafasi hiyo ni Septemba peke yake.

Muuliza swali:
Asanteni sana. Nimemsomea, kanuna kidogo, ila kauliza: Septemba ipi?

Dada wa Oakland:
Ya mwaka wa kabla. Anayetaka kuingia vuli ya 2028 anaomba Septemba 2027, kisha anajaza fomu ya kawaida ya UC Oktoba au Novemba. Akiiacha hiyo ya pili, ile ya kwanza haina kazi.