Tuktuk imenigonga nyuma hapa Malindi: tumalizane wenyewe au niende kwa bima?

Mkaazi wa Muyeye

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote. Jana jioni nilikuwa nimesimama Barabara ya Lamu, nikisubiri lori lililokuwa likirudi nyuma kuingia dukani, ndipo tuktuk iliyokuwa nyuma yangu ikashindwa kusimama kwa wakati na kunigonga. Sikuumia, wala dereva hakuumia. Bampa ya nyuma imepasuka upande wa kulia, taa imevunjika, na mlango wa buti unafunga lakini haukai sawa: upande mmoja mwanya unaingia kidole, upande wa pili hauingii hata ukucha.

Dereva ni kijana mstaarabu, alishuka akaniomba radhi mbele ya watu na kukiri kosa. Mwenye tuktuk, mama mtu mzima, alinipigia simu usiku uleule akanisihi tusiende polisi wala kwa bima, naye atanitumia shilingi 12,000 kwa M-Pesa. Gari langu lina bima kamili ya thamani ya shilingi 900,000, na mkataba unasema nikidai nijilipie kwanza asilimia 2.5 ya thamani hiyo. Fundi mmoja amesema 12,000 zinatosha bampa na taa. Mwengine amekataa kutaja bei mpaka afungue. Je, nikubali pesa hizo, au nifuate njia ya bima?

Mstaafu wa Bima

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata. Katika swali lako umechanganya mambo mawili ambayo wengi huyachanganya, nayo ni kuripoti ajali na kudai fidia. Waweza kuripoti usidai kitu, lakini ni vigumu sana kudai baadaye jambo ambalo hukuliripoti. Mikataba mingi ya bima humtaka mwenye gari aiarifu kampuni mara tu ajali inapotokea, hata kama hana nia ya kudai, na humkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kwako wewe uliyegongwa sharti hili la pili si zito, ila kwa mama mwenye tuktuk ni zito, na huenda hajui kwamba simu aliyokupigia usiku ingeweza kumharibia madai yake mwenyewe.

Kuhusu polisi, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kutoa jina, anwani na nambari za gari, na asipozitoa kwa sababu yoyote aripoti polisi ndani ya saa 24. Hata kama mlipeana majina yote barabarani, nakushauri upite kituoni leo uandikishe tukio na upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Hukueleza kama tuktuk ilikuwa na abiria. Kama alikuwamo hata mmoja, akaenda zake nyumbani na baada ya wiki akajitokeza na fomu ya P3, ile ya polisi inayothibitisha majeraha, utafurahi kwamba maelezo yako yaliandikwa ajali ingali mbichi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Asilimia 2.5 ya 900,000 ni 22,500. Matengenezo yakigharimu 30,000, kampuni yako itatoa 7,500 tu, na punguzo unalopewa kila mwaka kwa kutodai huenda likapotea. Kwa bampa na taa peke yake, kudai bima yako mwenyewe hakuna faida. Ila iko njia ambayo hukuitaja, nayo ni kudai kwa kampuni iliyokatia tuktuk bima. Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa hatari za watu wengine, inalazimisha bima ya kifo na majeraha ya watu wengine tu, hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja, wala hailazimishi uharibifu wa mali. Hata hivyo, bima nyingi za thadi pati, yaani za kufidia watu wengine, huongeza kipengele cha mali ya watu wengine kwa kiwango kilichotajwa mkatabani, na hapo wewe hujilipii ile asilimia. Utahitaji abstrakti ya polisi, yaani muhtasari rasmi wa ajali, yenye jina la kampuni hiyo na nambari ya cheti chake.

Fundi Bodi, Barani

Mimi si mtu wa sheria, nitasema la gari. Huo mwanya wa buti ndio unaozungumza, si bampa. Bampa ya plastiki inaweza kupasuka na nyuma yake kukawa salama, na inaweza kurudi mahali pake kama haijaguswa huku chuma kilichoko ndani kimepinda. Mwanya ukiwa mpana upande mmoja na kubana upande wa pili, mara nyingi bati la nyuma limesukumwa ndani, na hilo haliponi kwa kubadilisha bampa. Likiachwa, maji ya mvua huingia chini ya zulia la buti, na mwenye gari huja kugundua siku anayotafuta spana akakuta sehemu ya gurudumu la akiba imejaa maji.

Kwa hiyo yule fundi wa kwanza amekupa bei ya kile alichokiona akiwa amesimama. Bampa ifunguliwe, picha zipigwe, ndipo bei iandikwe kwenye karatasi, na itenganishe vipuri na kazi, kwa sababu taa ya mtumba iliyo nzima ni bei moja na mpya ni bei nyingine kabisa. Na usikae muda mrefu ukijadiliana. Pale rangi ilipobanduka mpaka kwenye bati, hewa yetu hii ya chumvi haingoji watu waelewane.

Mwenye Tuktuk Mbili

Naomba nami nisikilizwe, maana tukitajwa sisi hutajwa kama wakwepaji. Tuktuk ikipelekwa kituoni inaweza kulala huko, na siku ambayo haikutembea hakuna hesabu. Kijana hapeleki kitu kwao, nami sipati cha kulipia mkopo wa chombo chenyewe. Dereva naye anaogopa kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Ndiyo sababu tunaomba tumalizane, na wengi wetu tunapoomba hivyo tuna nia ya kulipa.

Hata hivyo, kaka, mimi simpi mtu taslimu. Naenda naye kwa fundi tuliyekubaliana, namlipa fundi mwenyewe, na narudi siku ya kulichukua gari. Pia nataka karatasi, tena naitaka kuliko yule niliyemgonga. Niliwahi kumlipia mtu bampa mpaka akaridhika, akarudi baadaye na maumivu ya shingo ambayo siku ya ajali hayakutajwa na yeyote. Mwambie huyo mama mwende pamoja kwa fundi. Akikataa kufika na kushikilia 12,000 zake, hapo utajua kwamba hakusudii kutengeneza gari lako, anakusudia kukunyamazisha.

Mzee wa Shela

Wanangu, naona mnamfanya kijana huyu aonane na polisi, bima na mawakili kwa sababu ya taa moja. Malindi ni mji mdogo, tunazikana na kuozana. Mama amekiri, kijana ameomba radhi, basi wakae mbele ya mtu mzima mmoja wanayemheshimu wote wawili, wakubaliane, na yaishe. Mambo ya kuandikishana huleta dhana mbaya pale ambapo haikuwapo.

Mwalimu wa Maweni

Shikamoo mzee wangu. Kuhusu suluhu sina ubishi nawe, kwani Suratun Nisaa, aya ya 128, imesema kuwa suluhu ni kheri. Lakini Suratul Baqarah, aya ya 282, imetuamuru tunapokopeshana kwa muda maalumu tuandike na tuweke mashahidi, na wala haikuwatoa wanaojuana. Mama akisema atalipa mwisho wa mwezi, hilo tayari ni deni. Huyo mtu mzima unayemtaja anaweza kuwa ndiye shahidi wa karatasi.

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Iandikwe tarehe, mahali, nambari za magari yote mawili, majina na nambari za vitambulisho, nani amekubali kulipa na kwa fundi gani, na vipuri vinavyolipiwa vitajwe kimoja kimoja. Jambo ninaloliogopa zaidi ni yale maneno ambayo watu huyanakili bila kuyapima, «malipo kamili na ya mwisho». Ukiyatia sahihi kabla bampa haijafunguliwa, na bati likaonekana limepinda, umeshajifungia mlango. Tena umeifungia na kampuni yako ya bima, kwa sababu kampuni ikikulipa ina haki ya kumfuata aliyekukosea ili irudishiwe, na ikikuta umeshamsamehe kwa maandishi inaweza kukataa madai yako. Maneno hayo yaandikwe siku unapolichukua gari likiwa limetengenezwa, na hapo mama anastahili kuyapata.

Ikiwa hatalipa, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inaruhusu madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Kwa madai ya namna hii sheria inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali, ila mashahidi wa Barabara ya Lamu hawatakumbuka kwa muda huo wote.

Mkaazi wa Muyeye

Shukrani kwenu nyote, na shikamoo mzee wa Shela. Nimeuliza, tuktuk haikuwa na abiria. Nimepata nambari ya OB, na ofisa aliyekuwa zamu ameandika tu kwamba pande mbili zinaendelea kuelewana. Mama amekubali kuja kwa fundi Jumamosi asubuhi, bampa ifunguliwe mbele yetu, na mjomba wake atakuwapo. Kumebaki swali moja: nikiiarifu kampuni yangu bila kudai, nitapoteza punguzo langu?

Mstaafu wa Bima

Kwa kawaida punguzo hupotea kwa madai yaliyolipwa, si kwa taarifa. Peleka barua au baruapepe fupi, eleza tukio, taja nambari ya OB, na uandike wazi kuwa kwa sasa hudai chochote ila unahifadhi haki yako. Omba wakujibu kwamba wameipokea, na ulitunze jibu hilo. Iifike kabla ya Jumamosi, kwa sababu fundi akikuta bati limeingia sana na mama akaona bei imemzidi, siku hiyohiyo utataka abstrakti ili uende kwa kampuni ya tuktuk, nayo itakuuliza umekuwa wapi tangu siku ya ajali.