Vibonzo Magomeni: kurasa nne za Popo wa Unguja

Salma: Wakuu, rasimu hiyo, ukurasa wa 1 hadi wa 4. Batman nimempeleka Unguja, usiku wa kuamkia 27 Agosti 1896, saa chache kabla ya mizinga ya Waingereza. Nichaneni bila huruma.

Kevin: Jalada kali 🔥 Yule Batman wa kitabu cha Brian Augustyn na Mike Mignola cha 1989 walimweka Gotham, mji wake wa kubuni, mwaka 1889, wakampa taa za gesi. Wewe gesi huna, na hapo ndipo pazuri.

Mzee Mwinyi: Binti, mkono unao. Ila ukurasa wa 2, fremu ya kwanza, mnara umeuchomeka katikati ya uso wa Beit al-Ajaib, jumba la sultani. Usiku ule haukuwa hapo. Jumba ni la 1883, na mnara ulisimama peke yake mbele yake, upande wa bahari. Ulipigwa kesho yake asubuhi. Huu unaouona kwenye picha za watalii umeunganishwa na jumba kwenye matengenezo ya 1897.

Salma: Shikamoo babu. Yaani nimechora kadi ya posta 😩

Mzee Mwinyi: Marahaba. Wengi huangukia hapo. Na Beit al-Hukm, jumba la jirani yake, lichore zima, tena kubwa. Msomaji anayejua kwamba kesho yake halitakuwepo atalitazama kwa jicho jingine, huna haja ya kumwandikia.

Mama Jabu: Jamani nani ana namba ya wale vijana wa gari la taka?

Kevin: Mama, hili ni kundi la vibonzo. La mtaa ni lile lenye picha ya mwembe.

Mama Jabu: Haya. Nimeshaingia lakini, na hilo joho la popo ni kitambaa gani?

Salma: Sijaamua mama. Jeusi tu.

Mama Jabu: Jeusi la 1896 kwa mtu wa kawaida ni kaniki. Ni merikani iliyotiwa nili, kwa hiyo si jeusi la makaa, ni bluu iliyoiva. Na nili kwenye kaniki mpya huchujuka. Mtu akitoka jasho inamshika shingoni, kwenye viwiko, kwenye makunjo ya mikono, na haitoki kwa kunawa mara moja.

Kevin: Subiri. Kwa hiyo asubuhi Popo wetu, ambaye mchana ni tajiri, anakaa barazani na kanzu nyeupe, shingo ya kanzu ina alama ya bluu?

Mama Jabu: Ndani ya shingo ya kanzu, kwa nyuma. Dobi ndiye atakayeijua siri kabla ya polisi yeyote.

Salma: 😳 Hiyo inaingia ukurasa wa 4. Dobi nampa fremu nzima bila maneno.

Juma Spaida: Kwa nini asiwe Spider-Man? Na kwa nini isiwe Dar yetu?

Kevin: Dar ya 1896 ananing'inia wapi, Juma? Mji ameuanzisha Majid miaka ya 1860, makanisa mawili yenye minara ya kuonekana kutoka baharini yamemalizika 1902. Nyumba nyingi ni za makuti. Ukirusha utando kwenye paa la makuti unashuka nalo.

Juma Spaida: Basi Mji Mkongwe.

Kevin: Mji Mkongwe vichochoro vyenyewe unanyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Utando wa nini? Popo anaruka tu. Spider-Man wa kale nimependa walivyomfanya kwenye ile hadithi ya Marvel, 1602, iliyotoka 2003: kijana anaitwa Peter Parquagh, buibui wanamzunguka kitabu kizima, na msomaji anakaa anasubiri ang'atwe. Subira ile ina raha kuliko kuruka.

Mzee Mwinyi: Ukimwingiza ndani ya nyumba kumbuka vyumba ni vyembamba. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Chumba kinakuwa kirefu kama behewa. Ukurasa wa 3 umemchorea ukumbi wa kupigania mpira.

Salma: 😂😂 Sawa. Halafu kwenye chumba chembamba joho linakuwa balaa, linanasa.

Mzee Mwinyi: Ndiyo. Alivue, alizungushe mkononi, alifanye ngao.

Kevin: Mwezi. Ukurasa wa 1 umeweka mwezi mpevu juu kabisa na maelezo yanasema ni saa za "magharibi". Jua lilipatwa 9 Agosti 1896, na jua halipatwi ila mwezi unapoandama. Hesabu: jioni ya tarehe 26 mwezi una siku kumi na saba. Umeshapita upevu, unachomoza kati ya saa mbili na saa tatu usiku, na ubavu mmoja umeanza kuliwa.

Salma: Kwa hiyo nina kama saa mbili za giza totoro kabla haujatoka.

Kevin: Ndizo za kumpitisha Popo. Na Beit al-Ajaib lilikuwa na taa za umeme, jumba la kwanza Unguja. Jumba moja linawaka, nyumba nyingine zote ni kandili na vibatari. Acha nyeupe iwe ya jumba peke yake.

Juma Spaida: Mlinzi anafyatua risasi tatu mfululizo ukurasa wa 3. Ana gobori!

Salma: Kwani haliwezi?

Juma Spaida: Gobori lina mlolongo: unamimina baruti mdomoni, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mchokoo, unaweka fataki, ndipo unalenga. Mwenye mazoea hachukui chini ya nusu dakika, gizani zaidi. Na baruti ikipata unyevu inafuka tu. Mpe risasi moja, akose, halafu fremu nne ndogo za mikono yake ikishindilia huku miguu ya Popo inasogea kwa nyuma.

Kevin: Juma leo umeamka 👏 Hiyo ndiyo maana ya kumrudisha shujaa nyuma. Ukibadilisha nguo peke yake umemvalisha tu kwa ajili ya sherehe.

Salma: Haya, sasa mambo ya steshenari. Nachora A4, kitabu kinatoka A5, kopi nyeusi na nyeupe. Kurasa 22.

Kevin: 22 haikubali. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inazaa kurasa nne, kwa hiyo ni 20 au 24. Fanya 24, karatasi sita, jalada karatasi ya saba nzito kidogo. Maandishi: kutoka A4 kwenda A5 yanabaki asilimia 71. Ukiandika saizi 8 msomaji anapata chini ya 6, hasomi. Anzia 11. Upande wa nje, ule unaokatwa, acha sentimita moja nzima, maana kurasa za katikati husukumwa nje ukikunja, na wakikata kingo wanakata maneno.

Salma: Na viputo vya maneno? "Hawatatukamata" imenivunjikia mara mbili.

Kevin: Kiswahili kinataka kiputo kipana, si kirefu. Ama badilisha neno. "Hatukamatiki." Fupi, na lina kiburi.

Mama Jabu: Na ile kaniki usiijaze wino kote. Mashine ya kopi nyeusi kubwa inaitoa mabaka.

Kevin: Kweli kabisa. Acha mistari myembamba myeupe kwenye makunjo. Na kijivu cha penseli usitumie, kinapotea au kinakuwa uchafu. Kivuli kifanye kwa mistari iliyokatana.

Salma: Nimefuta mnara. Mwezi nimeuhamishia ukurasa wa 3, unachomoza wakati mlinzi anashindilia. Babu, mlinzi anavaa nini miguuni?

Mzee Mwinyi: Makubadhi ni ya mwenye nacho. Huyo muache peku.