Seva inafunguka kwenye laptopu, simu inagoma

Muulizaji: Wakuu, shikamooni. Niko Mwanga, Kigoma, mtandao najifunza mwenyewe. Nimeweka Apache, programu ya seva inayotoa kurasa za wavuti, kwenye laptopu ya Windows, natengeneza daftari la mauzo ya dagaa la mama. Nikiandika localhost kwenye kivinjari cha laptopu hiyo, ukurasa unakuja. Simu iko Wi-Fi ileile, naandika 127.0.0.1, patupu. Nimezima na kuwasha ruta mpaka dada kanifokea, alikuwa anaangalia tamthilia.

Fundi wa Ujiji: Marahaba. Ruta mwache dada nayo, haina kosa. 127.0.0.1 maana yake "mimi mwenyewe", kwa hiyo simu inajitafuta yenyewe. Kwenye laptopu fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, andika ipconfig, chukua namba ya IPv4, yaani anwani ya laptopu kwenye Wi-Fi yenu. Hiyo ndiyo ya kuandika kwenye simu.

Muulizaji: Nimepata 192.168.1.7. Sasa inazunguka weee, halafu inakata.

Mdau wa Kasulu: Faiawoli hiyo, ule ulinzi wa Windows unaozuia vifaa vingine kuingia kwenye laptopu. Ruhusu Apache, poti 80 (mlango wa kurasa za wavuti), kwa mtandao wa Private, yaani wa nyumbani unaouamini. Usiizime yote kama wanavyoshauriana vijiweni! Halafu angalia, huenda Wi-Fi yako imewekwa Public, yaani kama mtandao wa watu wote; ibadilishe iwe Private.

Muulizaji: Ilikuwa Public kweli, nimeibadilisha. Imefunguka! Mama kaona "Jumla: 0", anauliza hela zake nimepeleka wapi.