Joho la Macbeth likatwe kwa kipimo cha nani?

Fundi wa Magomeni

Habari zenu wapenzi wa maigizo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Magomeni. Kuna kikundi cha vijana hapa Dar kinaandaa Macbeth, tamthilia ya Shakespeare kuhusu jemadari wa Uskoti anayemuua mfalme wake Duncan na kutwaa kiti, na mavazi yote nimekabidhiwa mimi. Mwongozaji anataka damu tu: mashati yalowe, mikono iwe myekundu hadi viwikoni. Damu kweli imejaa mle. Mfalme Duncan akifungua kinywa kwa mara ya kwanza, anaulizia mtu aliyetapakaa damu.

Lakini nimeisoma yote nikiwa na penseli mkononi, na mimi naona nguo. Macbeth akiitwa Mkuu wa Cawdor anauliza kwa nini wanamvika nguo za kuazima wakati mwenye cheo yu hai. Banquo, jemadari mwenzake, naye anasema heshima mpya ni kama nguo ngeni, haikai mwilini mpaka izoeleke. Halafu tendo la 5, Angus, mmoja wa wakuu wa Uskoti, anasema cheo kinampwaya Macbeth kama joho la jitu kwa mwizi mbilikimo. Si ndiyo ile nguo ya kuazima isiyositiri matako?

Sasa, joho la mfalme nilikate pana tangu mwanzo, au niwe nalipanua kila anapoua? Nimeona velveti nzuri Kariakoo, zambarau iliyokolea, ila kwa bei ile sikati mara mbili.

Mwalimu Mstaafu

Fundi, usimpime Macbeth. Mpime Duncan! Mshonee joho limkae sawasawa, watazamaji walione na walizoee. Duncan anauawa kitandani, kwa hiyo joho linabaki safi. Kutawazwa kule Scone hatukuoni jukwaani. Tendo la 3 linapofunguka, Macbeth aingie amevaa joho lile lile, mabega yameshuka, pindo linaburura. Hutahitaji kupanua chochote. Macduff, mkuu mwingine, alishahofia mapema, alipokataa kwenda Scone, kwamba nguo za zamani zisije zikawa zilikaa vizuri kuliko mpya.

Na mwambie mwongozaji asome tendo la 2, onyesho la 3. Pale Macbeth anaeleza maiti ya Duncan mbele ya wote: ngozi ya fedha iliyodariziwa kwa damu ya dhahabu, na majambia yaliyovikwa damu kama suruali. Damu yenyewe imegeuka vazi! Muuaji anaremba maneno ili kuficha, na kila nikiyasoma mwili unanisisimka.

Binti Tandika

Dada fundi, mimi niliwahi kuigiza Bibi Macbeth, naomba usilisahau gauni la kulalia. Tendo la 2, wameshaua, mlango unagongwa, anamhimiza mumewe avae la kulalia wasije wakakutwa macho. Tendo la 5 anatembea usingizini, taa mkononi, na maneno ni yale yale: nawa mikono, vaa gauni la kulalia. Kwa hiyo nguo yake si ya kumpwaya, ni ya kujifichia. Lishone jeupe, la kawaida kabisa.

Na hapo kwenye usingizi msipake rangi nyekundu, nakuomba sana. Doa analiona yeye peke yake. Analalamika kwamba manukato yote ya Arabia hayatausafisha mkono ule mdogo, na daktari na mjakazi wanaomtazama wanaona mikono mikavu. Mkiipaka damu mmemnyang'anya mwigizaji onyesho lake.

Fundi wa Magomeni

Shikamoo mwalimu, na ahsante sana mdogo wangu. Hilo la mikono safi nitalipigania kwa mwongozaji. Ila kuna tatizo: Duncan wetu ni mwembamba, na Macbeth ndiye mwenye kifua na mabega. Kipimo cha Duncan kitambana.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Basi mjaze Duncan. Mvalishe koti lenye sponji mabegani na kifuani, ukate joho juu ya hilo koti, na urefu uongeze shubiri moja. Macbeth avae bila koti. Deraya ya tendo la 5 iwe na vifungo vyepesi, maana anamwamuru mtumishi wake Seyton amvalishe kabla haijahitajika, kisha anaamuru ivuliwe, kisha aletewe nyuma. Mhusika huyu hadi siku ya kufa hajapata nguo ya kumtuliza.

Fundi wa Magomeni

Koti la sponji naliweza. Kesho asubuhi naifuata velveti.