Wakuu, hivi Dar tutabomoa mpaka kibaki nini? Kisutu inaisha hivihivi tunaangalia

Wakuu leo nina hasira, mnivumilie. Jengo lililopakana na duka ninalofanyia kazi huku Kisutu, lile la ghorofa moja la enzi za Wahindi lenye mwaka 1937 umeandikwa kwa plasta kule juu kabisa, wameanza kulivunja Jumamosi. Hakuna notisi hakuna nini, tumefika asubuhi tumekuta mabati yamezungushwa na vijana wako juu ya paa na nyundo. Milango ya mvule imetangulia kupakiwa kwenye Fuso kabla hata ukuta haujaguswa, hapo ndo ujue kuna mtu anaijua thamani yake vizuri sana. Vumbi la chokaa limejaa kwenye majora ya vitambaa, fundi cherehani aliyekuwa anakaa pale barazani kafukuzwa na mashine yake, ukiuliza unajibiwa "maendeleo hayo ndugu".

Kinachoniuma zaidi, sheria yenyewe haiwabani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Sasa Dar gani hiyo ya kabla ya 1863 jamani?? Sultani Majid wa Zanzibar mwenyewe kaanza kuujenga huu mji miaka hiyohiyo ya 1860, Boma la Kale pale karibu na bandari ni la 1866-67, yaani hata hilo tarehe imeliacha! Ya Mjerumani ndo usiseme, na haya ya Wahindi ya miaka ya thelathini ndo kabisaa. Jengo kama hilo mpaka waziri alitangaze kuwa linalindwa, asipolitangaza mwenye kiwanja anakuja na greda lake na wewe unabaki kupiga picha.

Lile jengo la zamani la Salamander pale Mtaa wa Samora si mnalikumbuka? Wamevunja, wakasimamisha mnara, halafu wakauita Salamander Tower. Huu si uhuni?

Na asije mtu hapa na hadithi za "majengo mabovu hayo yataua watu". Machi 2013 Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka na kuua watu zaidi ya 30 lilikuwa la zamani? Lilikuwa ghorofa jipya, bado linajengwa! Haya ya zamani yana kuta nene, dari ziko juu, upepo unapita, AC ya nini, na kama paa linavuja si unaezeka upya tu, ila wenyewe wanaliacha linyeshewe makusudi lichakae ndo wapate sababu.

Sikatai maghorofa, viwanja mbona viko vingi tu nje ya hapa katikati. Mwenye kujua kibali cha kubomoa kinatolewaje, nani anasaini na kama jirani ana haki ya kuweka pingamizi, atupie hapa leoleo maana upande wa mbele bado umesimama. Wale wa "hamia Zanzibar kwenye Mji Mkongwe" mpite kimyakimya tafadhali.