Naombeni ushauri: nataka kuanza riviu za midoli ya Star Trek kwa Kiswahili, hii iliyofungwa niifungue au niiache?

kapteni_wa_sinza

Wakuu heshima kwenu. Naombeni mawazo kuhusu jambo moja limenikaa kichwani muda mrefu na huku mtaani sina mtu wa kumuuliza.

Mimi ni mpenzi wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya wasafiri wa anga za juu, hasa ile The Next Generation ya kina kapteni Picard iliyoanza 1987 ikaisha 1994, sizoni saba, nimeimaliza nikairudia tena. Basi kutokana na mapenzi hayo nikaanza kukusanya midoli yake, ile ya kampuni ya Playmates iliyoanza kutoka 1992. Mingi nimeipata Karume kwenye midoli ya mtumba, robota likikatwa watu wanakimbilia magari na wanasesere mimi nabaki nachambua chini kabisa, siku moja nikatoka na Borg na Mferengi, viumbe wa humo kwenye tamthilia, kwa bei ya chipsi mayai, wauzaji wenyewe hawajui ni nini. Halafu shangazi yangu anaishi Marekani, alipokuja likizo akaniletea minne, Picard na maofisa wa meli yake Data (yule roboti mwenye umbo la mtu), Worf na Geordi, na hiyo bado iko kwenye kadi zake, plastiki ya mbele haijaguswa.

Sasa nataka nifungue chaneli YouTube nifanye riviu kwa Kiswahili. Sio zile za kuonyesha kwenye kamera unasema "uko poa sana" basi. Nataka mtu akimaliza kuangalia ajue sura imefanana na muigizaji au hapana, viungo vinakunja wapi, vifaa vyake vikoje, rangi imepakwa vizuri au imevuka mstari, na kama hela yake itakwenda kihalali. Vijana wengi hapa Dar wanaagiza hivi vitu mtandaoni kwa kuangalia picha tu, na ukijumlisha usafiri na VAT asilimia 18 mzigo ukifika sio hela ya kuchezea.

Kinachonikwamisha kwanza ni ile minne ya shangazi, roho inasita kabisa kuchana plastiki. Pili yule Mferengi ameanza kunata mikononi, chumba changu hakina dari ni bati tupu kwa hiyo joto la mchana mnalijua wenyewe, naogopa na wengine wasije wakaharibika. Tatu hata sijui niipange vipi hiyo riviu, nianzie wapi niishie wapi. Wenye uzoefu karibuni.

mzee_wa_upanga

Fungua kijana wangu.

Watu wengi wanadhani kitu kikiwa hakijafunguliwa basi ni dhahabu. Playmates miaka ile ya tisini walitengeneza hii midoli kwa wingi mno, na watu wazima walinunua wakaifungia kabatini wakisubiri ipande bei, ndo maana mpaka leo iliyofungwa bado inapatikana bila shida. Mgeuze huyo Borg wako uangalie unyayo, utakuta namba imechapwa. Zile namba ndo ziliwafanya watu waamini wana kitu cha pekee wakati kilikuwa kimejaa madukani.

Uadimu wenyewe ulikuja 1996 na ulikuwa wa kupangwa. Walitoa Picard wa kipindi kiitwacho Tapestry na ofisa Tasha Yar wa kipindi cha Yesterday's Enterprise kwa nakala 1,701 tu kila mmoja, namba imetokana na usajili wa meli yao Enterprise, NCC-1701. Wakusanyaji walichukia sana, maana mtu aliyekuwa anakamilisha seti yake mdogo mdogo alijikuta hana namna tena isipokuwa kulipa bei za walanguzi. Ukifika kwenye riviu ya vitu kama hivyo sema ukweli, bei yake inatokana na uchache, na uchache haumfanyi Picard afanane zaidi na Patrick Stewart aliyemuigiza.

Halafu huyo Geordi wa 1992 kile kifaa chake cha machoni kinatoka. Sasa utatoaje hukumu juu ya kitu kinachotoka kama hujakitoa?

chuma_cha_mbagala

Mtu mzima na midoli kweli mkuu? Si bora hiyo hela ungeweka kwenye bodaboda

nuru_tabata

@chuma_cha_mbagala kuna wanaokusanya jezi, kuna wanaokusanya saa, hela ni yake na hamdai mtu, tuendelee na mada.

Kaka kapteni mimi nina watoto wawili wadogo nyumbani kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Kwenye kila riviu taja vipande vidogo. Hiyo midoli imetengenezwa na vifaa vya kushika mkononi, vidude vidogo vidogo kama punje, na wazazi wengi wakiona mdoli wanajua ni wa mtoto wa umri wowote. Mwaka 1978 kampuni ya Mattel walitoa ndege za midoli za tamthilia ya Battlestar Galactica zenye kombora dogo linalofyatuka, mtoto mmoja Marekani likamkwama kooni akafariki, ikabidi ndege hizo ziondolewe na baadaye zikatoka nyingine ambazo kombora halifyatuki. Tangu nisome hiyo habari nikinunua mdoli wa mtumba naukagua kwanza kila kinachochomoka. Ukiweka hata dakika moja ya hilo kwenye video zako wazazi tutakufuata, na sisi tuko wengi kuliko wapenzi wa Star Trek.

fundi_wa_temeke

Mkuu huyo Mferengi usimtupe. Hiyo plastiki laini ni PVC, inawekewa kemikali ya kuilainisha, na miaka ikipita na joto likizidi ile kemikali inajitoa polepole inakuja juu ndo unahisi kunata. Ukimfungia kwenye mfuko wa nailoni unazidisha tatizo maana haina pa kwenda. Muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini wa zamani upite kwenye mikunjo ya nguo na masikioni, suuza, halafu muache akauke mwenyewe kivulini kwenye hewa. Kunaweza kurudi baada ya miezi, unaosha tena.

Tina na asetoni usiguse kabisa!! Rangi yote ya uso itaondoka na kitambaa, nimeona mtu kamfuta mdoli macho kwa namna hiyo.

Kama kuna silaha au mguu umepinda, uchovye kwenye maji ya moto sekunde kadhaa, unyooshe taratibu kisha weka kwenye maji baridi ushike umbo. Na kiungo kikigoma kukunja usitumie nguvu, kipashe joto kwanza kwa drayer ya nywele, plastiki ikiwa baridi na ngumu ndo inakatika pale pale kwenye pini. Hiyo minne iliyokaa kwenye kadi miaka yote hiyo lazima viungo viwe vimeshikana kwa hiyo kabla hujaanza kukunja mbele ya kamera fanya hivyo kwanza.

Kuhusu bati, usiiweke juu ya kabati karibu na paa, joto lote linakaa huko. Rafu ya chini, ukuta usiopigwa jua la saa nane, na mbali na dirisha, maana jua linafubaza rangi na plastiki nyeupe inakuwa njano. Kama ungekuwa Kigamboni au Msasani karibu na maji ningekuambia pia ufunike yenye skurubu na sehemu za betri, hewa ya chumvi inakula chuma haraka. Sinza una nafuu kidogo.

nilipita_leeds

Nimesoma huko Uingereza na nilikuwa nakusanya midoli ya Doctor Who, tamthilia ya kule, kwa hiyo niongee kwenye lile swali la tatu. Riviu ianze kwenye runinga ndo iende kwenye mdoli. Nikupe mfano ambao wapenzi wa Doctor Who wote wanaujua. Kampuni ya Dapol miaka ya themanini mwishoni walitoa Davros, yule aliyeunda Madaleki, maadui wakubwa wa humo, wakampa mikono miwili mizima. Kwenye tamthilia Davros ana mkono mmoja tu unaofanya kazi! Na K9, yule mbwa wa chuma, kwenye runinga ni wa kijivu wao wakatoa wa kijani. Mtu ambaye hajawahi kuangalia atakuambia ni midoli mizuri imetengenezwa vizuri, na kwa upande wa plastiki yuko sahihi, ila aliyeangalia ataona kosa kabla hata hajaushika.

Na kwa Star Trek yenu hali ni hiyo hiyo. Kabla ya Playmates kulikuwa na ya kampuni ya Galoob ya 1988, midogo zaidi, Data wao alitoka na nyuso tofauti, kuna wa bluu, kuna mwenye madoa, kuna mwenye rangi ya kawaida ya ngozi, wakati kwenye tamthilia ni mweupe wa kupauka na macho ya njano. Leo yule wa bluu ndo anatafutwa kuliko wenzake. Kwa hiyo kwenye riviu utenganishe mambo mawili, umefanana kiasi gani na unatafutwa kiasi gani, maana mara nyingi jibu la moja ni kinyume cha lingine.

Kingine, angalia kipindi husika tena usiku kabla ya kurekodi. Usitegemee kumbukumbu. Simamisha picha pale anapogeuka upande, hesabu vifungo vya cheo kwenye kola, angalia nywele zimeanzia wapi kwenye paji la uso. Hapo ndo utapata vitu vya kusema ambavyo wengine hawasemi.

picha_kkoo

Nafanya kazi ya picha Kariakoo, naongezea ya kiufundi kwa kifupi

Mwanga wa dirishani asubuhi unatosha sana, huna haja ya kununua taa. Nyuma tandika kitambaa cha rangi moja kisichong'aa, kitenge chenye maua kinameza mdoli wote. Weka sarafu ya shilingi 500 pembeni mtazamaji apate ukubwa, ukisema inchi watu hawapati picha. Feni zima wakati wa kurekodi, simu inakamata ule mvumo kuliko unavyodhani.

Na usichomeke vipande vya tamthilia kwenye video, YouTube wana mfumo wa Content ID unatambua wenyewe, video inaweza kuzuiwa au mapato yakaenda kwa mwenye haki. Elezea kwa mdomo, wewe mwenyewe umesema unataka kuelezea.

kapteni_wa_sinza

Mzee wa Upanga shikamoo, na wengine wote nashukuru sana, nimesoma kila kitu mara mbili.

Mferengi nimeshamuosha jana jioni, maji yalitoka ya kahawia mkuu wangu fundi, na leo hanati kabisa, nimemsogeza rafu ya chini na wenzake. Dada Nuru umenigusa, nitaweka hiyo sehemu ya vipande vidogo kwenye kila video na nitaiweka mwanzoni kabisa mzazi asihangaike kuitafuta.

Aliyepita Leeds umenifungua macho, nikajaribu usiku huo huo na Geordi nikiwa bado sijamtoa kwenye kadi. Sizoni ya kwanza Geordi anavaa nyekundu maana alikuwa anaendesha meli, kuanzia ya pili akawa injinia mkuu akahamia njano. Na zile sare za sizoni mbili za mwanzo hazina kola, zinabana mwili, kola inaanza ya tatu. Kwa hiyo ukiwa na Geordi yeyote mkononi, rangi na kola peke yake vinakuambia ni wa kipindi gani kabla hata hujaangalia sura, na kama aliyetengeneza kachanganya utamkamata hapo hapo. Riviu ya kwanza itakuwa ya huyu, na nimeamua nitamfungua. Nilimpigia shangazi kumwomba ruhusa maana ni zawadi yake, akaniambia aliileta nichezee, alishangaa kwamba bado imefungwa mpaka leo.

Picard bado sijaamua, huyo niacheni kwanza.

Swali la mwisho mzee wangu, kadi zake zina picha nzuri na maelezo nyuma na sitaki kuzichana. Kuna namna?

mzee_wa_upanga

Marahaba. Ipo. Usivute plastiki kwa mkono, ukivuta inaondoka na karatasi ya juu ya kadi. Chukua wembe mpya, kata ukingo wa chini wa plastiki tu, pale inapokutana na kadi, halafu panda kidogo pande zote mbili mpaka ifunguke kama mlango mdogo. Mdoli unatelezea chini wenyewe na vifaa vyake, kinga kitambaa mezani vile vidude visidondoke sakafuni. Ukimaliza kurekodi unaweza kumrudisha ndani ukipenda, na kadi iweke kwenye faili la plastiki la A4 lililo wazi juu, isimame wima, usiilaze chini ya vitabu maana hiyo plastiki ya mbele itabonyea.

Na kabla ya kukata piga picha mbele na nyuma kwenye mwanga mzuri. Hizo picha utazihitaji kwenye video.